Mtoto wa pili hajaja: jibu kwa mama wa Umoja

Swali: "Daktari, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 36, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka sita aliyezaliwa kwa upasuaji. Baada yake nilidungwa sindano ya kupanga uzazi kwa miaka mitatu, kisha nikaiacha. Nilishika mimba, lakini ikaharibika ikiwa na wiki tisa, nikasafishwa hospitalini. Tangu hapo ni mwaka mmoja na miezi miwili tunajaribu bila mafanikio. Siku zangu huja kila baada ya siku 30 hivi, ingawa sasa damu ni kidogo kuliko zamani. Mume wangu ni dereva wa lori, huenda Malaba na Kampala, na hukaa nyumbani siku chache tu kwa mwezi. Hataki kupimwa, kwa maana anasema mtoto wetu ni ushahidi tosha. Katika chama chetu tuko wanawake sita tunaotafuta mtoto na tumekuwa tukiambiana kila kitu. Wawili wetu hawajazaa kabisa, na mbele yao naona haya kulalamika. Wawili wengine wameshika mimba mwaka huu. Mmoja wao amenipa tembe za klomifeni zilizobaki, na mwingine ananihimiza ninunue lulu za mitishamba, vile vifurushi vinavyowekwa ukeni kusafisha kizazi. Je, ni ile sindano iliyoniharibu? Nimeze tembe hizo? Na je, nijitenge na wenzangu, maana kila habari njema yao sasa inaniliza?"

Jibu:

Mama, naanza na tembe, kwa sababu huenda ziko kabatini mwako leo: tafadhali usizimeze. Klomifeni huufanya ubongo uone kana kwamba homoni ya estrojeni imepungua mwilini, nao ubongo hujibu kwa kuzichochea ovari zaidi ili yai lipevuke. Dawa hiyo ina manufaa makubwa kwa mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki kwa utaratibu, kwa mfano yule anayepata hedhi mara nne au tano tu kwa mwaka, na yamkini mwenzako alikuwa na tatizo hilo. Hedhi yako wewe huja kila baada ya siku 30, na hiyo ni dalili nzuri kwamba yai linapevuka kila mwezi bila kusaidiwa. Zaidi ya hayo, klomifeni huweza kuufanya utando wa ndani wa mji wa mimba uwe mwembamba, na utando huo ndio hasa ulionitia wasiwasi nilipousoma ujumbe wako, kama nitakavyoeleza. Huweza pia kuleta pacha, takriban mara 5 hadi 10 katika kila mimba 100 zinazopatikana kwa dawa hiyo, jambo ambalo mwanamke mwenye kovu la upasuaji hapaswi kulichukulia kwa wepesi. Inapohitajika kweli, daktari huianzisha katika siku za mwanzo za hedhi, mgonjwa huimeza kwa siku tano, kisha ovari hufuatiliwa kwa picha ya ultrasaundi ili ijulikane kama dawa imefanya kazi au imezidi. Mrudishie mwenzako tembe zake na umshukuru, kwa kuwa alikupa kwa moyo mwema.

Sasa niliseme lile ambalo wewe umelitaja kwa maneno machache, ilhali kwangu ndilo zito kuliko yote katika ujumbe wako. Damu ya hedhi inayopungua baada ya mwanamke kusafishwa kizazi inataka uchunguzi. Wakati mwingine kuta za ndani za mji wa mimba hupata majeraha katika usafishaji huo, na zinapopona hushikana kwa nyuzi za makovu, hali iitwayo ugonjwa wa Asherman. Nafasi ambayo mimba ingejipandikiza hupungua, hata kama yai linapevuka vizuri na mbegu za mume hazina kasoro. Sisemi kwamba ndivyo ulivyo, kwa sababu hedhi hupungua kwa sababu nyingine pia, lakini jiulize kama mabadiliko hayo yalianza mara tu baada ya kusafishwa, na kama ziko siku unazopata maumivu ya hedhi huku damu ikiwa haba. Ultrasaundi ya kawaida huweza isiyaone makovu hayo. Huonekana vyema kwa ultrasaundi inayofanywa baada ya maji ya chumvi kutiwa ndani ya mji wa mimba, au kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi, na kamera hiyohiyo ndiyo inayomwezesha daktari kuzikata nyuzi hizo bila kulipasua tumbo. Kwa hiyo utakapoketi mbele ya daktari, neno hili liwe la kwanza kutoka kinywani mwako: nilisafishwa, na tangu hapo damu imepungua. Usingoje uulizwe, maana kliniki za Nairobi zina foleni ndefu na wakati wa kila mgonjwa ni mfupi.

Kuhusu sindano, haikukuharibu, na ushahidi wa kwanza ni kwamba ulishika mimba baada ya kuiacha. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha kurudi kwa uzazi kuliko njia nyingine: kwa wastani wanawake hushika mimba takriban miezi kumi baada ya sindano ya mwisho, miezi minne hivi zaidi ya wale walioacha njia nyinginezo. Koili na kipandikizi vikitolewa, uzazi hurudi mapema zaidi. Ucheleweshaji huo una mwisho, na wako ulikwisha kabla ya mimba ile. Nalisisitiza hili kwa sababu katika mitaa yetu sindano hubebeshwa lawama ya kila jambo, na wasichana wanaosikia hivyo huiacha kwa hofu kisha wakapata mimba wasizokuwa tayari kuzilea.

Wala wewe hukuisababisha mimba ile kuharibika. Kati ya mimba 100 ambazo wenyewe wameshajua kuwa wanazo, 10 hadi 20 huharibika, nyingi zikiwa katika miezi mitatu ya kwanza, na nusu au zaidi ya hizo za mapema huwa na hitilafu katika kromosomu, yaani vibeba urithi wa mtoto, iliyotokea tangu yai na mbegu vilipokutana. Ndoo za maji ulizobeba, ngazi za ghorofa ulizopanda, ugomvi wa nyumbani na maneno ya jirani havikuhusika. Nimewasikia wanawake wengi wakijihukumu kwa mambo kama hayo, na ningetamani kila mmoja wao aambiwe hivi siku ileile anapotoka hospitalini.

Shirika la Afya Duniani huita hali hii ugumba pale ambapo miezi 12 au zaidi imepita wenzi wakikutana mara kwa mara bila kinga na mimba isipatikane, na katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilieleza kwamba takriban mtu 1 katika kila 6 duniani hupitia jambo hilo katika maisha yake. Kwamba mtu alishazaa hakumwondoi katika hesabu hiyo. Hata hivyo, kwa mwanamke aliyefikisha miaka 35, sisi madaktari hatungojei mwaka uishe: baada ya miezi sita tunaanza uchunguzi, kwa sababu mayai hupungua kwa idadi na kwa ubora, na upungufu huo huongeza kasi katika nusu ya pili ya miaka ya thelathini. Wewe una 36. Wakati wako wa kwenda kupimwa umeshapita kidogo, nami nakuomba uende mwezi huu, bila hofu na bila kuahirisha.

Lakini usiende peke yako. Katika takriban nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una mchango wake, ama peke yake ama pamoja na upande wa mwanamke, na mtoto wa kwanza hathibitishi chochote kuhusu mbegu za leo. Miaka saba imepita tangu mumeo atie mimba ile iliyozaa kijana wenu, na katika miaka saba mwili wa mwanamume hupatwa na mengi. Mishipa ya damu inayozunguka korodani huweza kuvimba, maambukizi huweza kupita bila dalili, uzito huongezeka, kisukari huingia, sigara na pombe huzoeleka. Kuketi kwa saa nyingi kwenye kiti cha lori, joto la injini likipanda kutoka chini, nako kuna uzito wake, kwa kuwa korodani huhitaji ubaridi kidogo kuliko mwili mzima ili zitengeneze mbegu vizuri. Mbegu moja huchukua muda wa miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, hivyo homa kali ya malaria aliyoipata safarini miezi miwili iliyopita huweza kuonekana katika kipimo cha leo. Ndiyo maana jibu moja baya halitoshi kumhukumu mtu, na kipimo hurudiwa baadaye.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vyote vitakavyofanywa katika nyumba yenu. Mwanamume hukaa siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa, kisha huzitoa katika chombo safi cha maabara, ama hapo hospitalini katika chumba cha faragha, ama nyumbani iwapo anaweza kukifikisha chombo hicho maabara ndani ya saa moja, kikiwa karibu na mwili ili kisipate baridi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha kulinganishia kuwa mbegu milioni 16 katika kila mililita, na mbegu zinazotembea kuwa asilimia 42. Mwanamume aliye chini ya viwango hivyo bado anaweza kuzaa, ila tunajua mahali pa kuanzia. Hakuna sindano, hakuna maumivu, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na picha na kamera utakazopitia wewe.

Najua kwamba ugumu wa mumeo hautoki katika ukaidi. Wanaume wengi huogopa kwamba jibu baya litawavua uanaume wao mbele ya mke, mbele ya ndugu, na mbele ya madereva wenzao. Kwa hiyo usimwambie, "Nenda ukapimwe." Mwambie kwamba daktari anawataka nyote wawili siku moja, kwamba wewe utapimwa na yeye atapimwa, na kwamba majibu yatabaki kati yenu na daktari. Ahadi hiyo uitimize. Majibu ya mumeo yasifike kwenye chama, hata yakiwa mazuri, kwa kuwa siku atakapojua kwamba wanawake watano wa mtaa wanaifahamu idadi ya mbegu zake, hatarudi tena hospitalini, na sitamlaumu. Akiendelea kukataa, uliza kama kuna kaka yake au rafiki wa makamo anayemsikiliza, kisha umwombe azungumze naye kwa siri. Na akitaka kujua kama yupo mwingine aliyekwisha kupimwa, mwambie kwamba katika kliniki zetu wanaume huja kila siku.

Kazi yake inanileta kwenye jambo jingine. Chukua kalenda na ukumbuke, kwa miezi hii 14, mumeo alikuwa nyumbani katika siku zipi. Utafiti wa Wilcox na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kwamba mimba hupatikana kutokana na kukutana katika siku sita tu: siku tano zinazotangulia kupevuka kwa yai, na siku yenyewe ya kupevuka. Baada ya hapo yai huishi kwa saa 12 hadi 24 hivi, likafa. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, hivyo katika mzunguko wa siku 30, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1, yai lako hutoka karibu na siku ya 16, na siku zenu ni za 11 hadi 16. Ikiwa alikuwa Kampala au kwenye foleni ya malori ya Malaba katika siku hizo kwa miezi tisa kati ya 14, basi hamjajaribu kwa miezi 14. Mmejaribu kwa mitano, na hilo hubadilisha namna daktari atakavyolitazama suala lenu. Mbegu zenye afya huweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke, kwa hiyo hata akipita nyumbani kwa usiku mmoja, siku mbili kabla ya yai kutoka, usiku huo una thamani. Ute unaovutika kama ute wa yai bichi ni ishara kwamba siku zimefika, na vipimo vya mkojo vya LH, homoni inayolichochea yai kutoka, vinavyouzwa katika maduka ya dawa, huonyesha mabadiliko siku moja au moja na nusu kabla ya yai kutoka. Azungumze na anayepanga safari. Dereva anayeomba ruhusa ya siku nne kila mwezi hahitaji kumweleza bosi wake sababu yote.

Upande wako, baada ya suala la utando, daktari atataka kujua kama mirija ya uzazi iko wazi, maana maambukizi yanayofuata kujifungua au kuharibika kwa mimba, pamoja na magonjwa ya zinaa kama klamidia ambayo mara nyingi hayana dalili, huweza kuiziba. Mirija huangaliwa kwa eksirei huku dawa inayoonekana kwenye picha ikipitishwa kwenye mlango wa kizazi, na picha hiyo hupigwa baada ya damu kukatika na kabla ya yai kupevuka. Maumivu yake hufanana na ya hedhi kali; meza dawa ya maumivu saa moja kabla, kwa ushauri wa daktari, na umwambie kama una mzio wowote. Ultrasaundi itaonyesha kama una uvimbe wa fibroidi, ambao huwapata wanawake weusi kwa wingi kuliko wengine, na kama umeuingilia uwazi wa ndani wa kizazi. Damu itapimwa homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa. Ukiandikiwa kipimo cha "siku ya 21" cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, mkumbushe daktari kwamba mzunguko wako ni wa siku 30: siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28, nawe unastahili kupimwa karibu na siku ya 23, siku saba kabla ya hedhi, la sivyo utaambiwa kwamba yai halipevuki wakati limepevuka. Unaweza kuanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, ambayo haiko mbali nawe, na ikibidi utaelekezwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ukiamua kwenda kwa daktari wa kulipia, hakikisha kwamba amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, kwa sababu hamu ya mtoto imewafanya wengi walaghaiwe. Kutunga mimba maabara nako kupo. Watoto wa kwanza wa njia hiyo nchini Kenya walizaliwa hapa Nairobi mwaka 2006. Hata hivyo, gharama yake hufika laki kadhaa kwa duru moja, na hakuna sababu ya kuiwazia kabla vipimo hivi vya mwanzo havijasomwa.

Lulu za mitishamba usizinunue. Kinachowekwa ukeni hakifiki kwenye mirija kuizibua, na uke hujisafisha wenyewe. Vifurushi hivyo vikikaa ndani kwa siku mbili tatu huuchubua utando, na uchafu unaotoka, ambao muuzaji humwambia mteja kwamba ndio ugonjwa unaotoka, mara nyingi ni utando uliochubuliwa na majimaji ya uvimbe. Maambukizi yakipanda juu kutoka hapo, huenda yakaileta ile ile shida ya mirija ambayo mwanamke alikuwa akiikimbia. Ninachokuomba utumie tangu leo ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za kwanza, kabla ya wanawake wengi kutambua kwamba wana mimba.

Nafika kwenye swali lako la tatu, ambalo hospitali kwa kawaida hazina nafasi nalo. Usijitenge, mama. Badilisheni mnachogawana. Sita ninyi mna miili sita na, kwa uwezekano mkubwa, sababu nne au tano tofauti: mmoja mayai hayapevuki, mwingine mirija, mwingine mume, na mwingine hana shida yoyote ila muda wake haujafika. Wawili kupata mimba katika mwaka mmoja ni jambo la kutarajiwa kabisa katika kundi kama lenu, na halisemi lolote kuhusu mwili wako. Hofu, uchovu, maombi, hasira za siku hedhi inapoingia, hayo yote yapelekeni chamani, kwa kuwa hakuna atakayeyaelewa kama wao. Dawa, majibu ya waume na hesabu za siku zenu yabaki nyumbani na kwa daktari.

Machozi yako si husuda. Najua neno hilo linavyoogopwa, na ninajua kwamba mwanamke anayekosa sherehe ya mwenzake mjamzito huweza kunong'onezwa kuwa ana jicho baya, kwa hiyo wengi huenda, hutabasamu kwa saa tatu, kisha hulia ndani ya matatu wakirudi nyumbani. Huna wajibu wa kwenda. Tuma mchango wako kwa M-Pesa pamoja na ujumbe wa baraka, mwambie mwenzako kwa ukweli kwamba unamfurahia lakini mwezi huu moyo wako haujaweza kukaa katika sherehe, na umwache naye akuonyeshe utu wake. Pendekezeni pia utaratibu mpya: atakayeshika mimba awaandikie wenzake mmoja mmoja kabla ya kutangaza mbele ya wote, ili kila mmoja aipokee habari akiwa peke yake na apate muda wa kuwa na hisia zake kabla ya kujibu. Picha za vipimo vya mkojo zisitumwe kwa kundi zima. Nakuomba hasa mwache desturi ya kupima siku nyingi kabla ya hedhi kukosekana, maana kipimo cha mapema huweza kusema hakuna mimba ilhali ipo, au kikanasa mimba ambayo ingeondoka yenyewe ndani ya siku chache bila mtu kujua, na hapo mwanamke anapata msiba ambao angeepushwa nao. Siku ya kwanza ya kukosa hedhi inatosha.

Hao wawili ambao hawajazaa, nimefikiri sana juu yao. Haya unayoiona mbele yao inatokana na upole, na ni vyema uchague maneno, kwa mfano usiseme mbele yao kwamba mtoto mmoja ni sawa na kutokuwa na mtoto. Lakini usinyamaze kabisa, kwa sababu ukinyamaza watadhani unawahurumia, na wao hawataki kuhurumiwa. Unaweza kusema kwamba unamshukuru Mungu kwa kijana wako kila asubuhi na kwamba unamlilia ndugu yake. Yote mawili ni kweli, na mtu anayesubiri ataelewa. Anayekwambia, "Shukuru, una mmoja," mara nyingi anatafuta neno la kumaliza mazungumzo. Mama mkwe akiuliza ni lini, mwache mwanawe ndiye amjibu. Kwa mimba iliyoharibika, ambayo pengine chama chenu hakijawahi kuitaja tena, lipo hapa Nairobi shirika la Still A Mum linalowasaidia wazazi waliopoteza mimba au watoto wachanga, na unaweza kwenda huko hata kama miezi mingi imepita.

Liko jambo moja ambalo chama kinaweza kulifanya na daktari hawezi. Vipimo hivi vina gharama, na wengi huahirisha kwa ajili ya pesa tu. Ninyi mna mzunguko wa fedha tayari. Tengeni zamu ya kila mwezi kwa ajili ya vipimo vya mmoja wenu, na siku ya eksirei ya mirija mmoja amsindikize mwenzake, amngoje nje, kisha amrudishe nyumbani, kwa sababu siku hiyo tumbo huuma na mtu hapaswi kugombania matatu peke yake.

Ukikosa hedhi na kipimo kikasema ndiyo, usingoje hadi mwezi wa nne kama ulivyofanya pengine kwa mtoto wa kwanza. Piga ultrasaundi kati ya wiki ya sita na ya saba, kwa sababu una kovu la upasuaji na ulisafishwa, hivyo ni lazima ijulikane mapema kwamba mimba imekaa ndani ya mji wa mimba, na kwamba haikujipandikiza kwenye mrija wala juu ya kovu. Kama kabla ya siku hiyo utapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, au maumivu ya ncha ya bega yasiyo na sababu, hata kama damu inayotoka ni tone tu, nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, mchana au usiku, na useme mlangoni kwamba una mimba changa na kwamba umewahi kupasuliwa. Ikiwa mumeo yuko safarini, mpigie simu mmoja wa wale watano akupeleke.